Andika ulivyoamua, usiandike vyeo: mwongozo kwa mstaafu anayetaka kuandikia umma

Nilipostaafu, wenzangu wa tawini walinipa mabati thelathini, friji na cheti chenye fremu. Nilikuwa nimeitumikia benki miaka 31: karani wa kaunta, afisa mikopo, mwishowe meneja wa tawi hapa Dodoma. Miezi minne ya mwanzo simu haikupumzika. "Shikamoo mama, samahani kukusumbua. Kuna mteja wa alizeti, shamba liko Kongwa, hati ya kimila anayo, ila nyumba imebaki kwenye jina la marehemu baba yake. Tunafanyaje?" Nikawa najibu huku nasonga ugali, simu nimeibana begani. Mwezi wa tano simu zikapungua, wa saba zikakoma. Vijana hawakuwa wamemaliza maswali. Walianza kuona haya kumsumbua mama aliyekwisha pumzika, na majibu yangu yote hayakuwa yameandikwa popote.

Mwongozo huu ni kwa mtu aliye pale nilipokuwa mimi: mhasibu, mhandisi wa maji, muuguzi mkuu, ofisa ugavi, meneja wa kiwanda, yeyote aliyetumika miaka 25 au 30 na sasa anasikia hamu ya kuandika kitu ambacho watu watakisoma, lakini hajui aanzie wapi. Mifano yangu mingi ni ya mikopo kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Wewe weka ya kwako.

Jambo nililochelewa sana kulielewa ni kwamba msomaji hana haja na historia ya vyeo vyako. Anataka kujua uliamuaje siku ile faili lilipokuwa mezani, mteja yuko nje kwenye benchi, na kitabu cha taratibu hakisemi lolote. Niliandika kurasa 60 za vyeo kabla ya kutambua hilo. Zipo kabatini, zinakula vumbi, na hapo ndipo mahali pake.

Anza na maswali uliyoulizwa

Nunua kaunta buku moja nene. Usianze na "Nilizaliwa mwaka fulani" wala na siku ya kuajiriwa. Orodhesha maswali uliyoulizwa zaidi ya mara tatu katika maisha yako ya kazi, yawe ya wateja, ya walio chini yako, ya bosi, hata ya shemeji aliyekuvuta pembeni msibani. Jioni ya kwanza nilipata 19. Baadhi yake:

"Mume wangu anataka kuweka nyumba rehani, nikikataa kuna lolote litakalofanyika?"

"Mteja hela yake inazunguka kweli, lakini hana daftari hata moja. Nimkopeshe?"

"Mkopo wa kikundi, mmoja akikimbia analipa nani?"

"Kwa nini nimelipa miezi sita na deni liko palepale?"

Kila swali lipe kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika jibu ambalo ungelitoa mwaka wako wa tatu kazini. Kulia andika ambalo ungelitoa mwaka wa mwisho. Majibu yakifanana, pita, hilo liko kwenye vitabu tayari. Yakitofautiana, umepata makala, na kile kilichokubadilisha kati ya kushoto na kulia ndicho makala yenyewe.

Chukua lile swali la nyumba. Mwaka wa tatu ningemjibu yule mama kwamba sheria inataka ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo bila sahihi yake hakuna rehani. Ni kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inadai ridhaa hiyo. Lakini mwaka wa mwisho jibu langu lilikuwa refu zaidi, kwa sababu kufikia hapo nilikuwa nimeona sahihi nyingi zilizopatikana bila ridhaa. Mke amekaa kiti cha pili ofisini, kichwa chini, mume ndiye anayejibu, kalamu inasukumwa mbele yake. Kisheria tumemaliza. Miaka miwili baadaye dalali wa mnada anafika nyumbani, na huyo mama anasema hakujua alichotia sahihi, naye hadanganyi. Kwa hiyo nilianza kumwomba mke abaki nami dakika kumi bila mume wake, niko na afisa wa kike, tunazungumza kwa Kiswahili cha kawaida au Kigogo kama afisa anakijua. Kuna mikopo niliyoipoteza kwa dakika hizo kumi. Sheria uliyoisoma kila mtu anaweza kuisoma. Hizo dakika kumi, usipoziandika wewe, zinakwenda nawe.

Kumbukumbu zikigoma, rudi mahali. Nilikwenda soko la Majengo Jumamosi moja bila shida ya kununua kitu, nikapita kwenye meza nilizokuwa nikizikagua zamani. Nilirudi nyumbani na maswali sita na nyanya ambazo sikuzihitaji.

Mwandikie mtu mmoja

Usiwaandikie "wadau". Chagua mtu mmoja unayemwona usoni. Msomaji wangu ni binti mwenye mwaka wa pili kwenye dawati la mikopo huko Mpwapwa, tarehe imefika 27, malengo ya mwezi hayajafika, bosi anapiga simu kila saa. Kila nikiandika sentensi najiuliza kama inamsaidia huyo binti kabla ya saa kumi jioni. Ikiwa inamsaidia mkurugenzi mkuu peke yake, naifuta.

Jua kilicho chako na kisicho chako

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wastaafu wengi wanapojikwaa, na wengine wanaogopa hata kuanza.

Nyaraka ulizoandika ukiwa kazini kwa ajili ya kazi, kama miongozo ya ndani, ripoti, fomu na mada za mafunzo, kwa kawaida si zako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwajiri haki za kiuchumi za kazi ya mtumishi aliyeifanya katika ajira yake, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Kwa hiyo usichukue mwongozo wa mikopo uliouandaa mwaka ule ukauchapisha kwa jina lako. Ila hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi wazo lenyewe. Ujuzi ulio kichwani mwako ni wako. Funga faili, kaa chini, ueleze upya kwa maneno mapya na mifano mipya. Mara nyingi utaona maelezo mapya ni mazuri kuliko yale ya ofisini, kwa sababu safari hii hakuna kamati ya kuyapitisha.

Siri za watu ni jambo jingine, na hazistaafu. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya 2006 inawataka watu wa benki watunze taarifa za wateja. Muuguzi na daktari wana siri za wagonjwa, mwanasheria ana za wateja wake, na aliyekuwa serikalini ana nyaraka zenye mhuri wa SIRI ambazo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inazilinda kwa adhabu kali. Juu ya hizo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Toa kabatini mkataba wako wa ajira na ile barua ya kustaafu, uvisome vyote viwili kwa utulivu. Palipo na kifungu usichokielewa, mwulize wakili kabla ya kuchapisha, si baada.

Sasa, unasimuliaje kisa cha mteja bila kumwanika mteja? Wengi wanabadili jina wanadhani wamemaliza. Katika mji kama Kibaigwa jina ni kitu cha mwisho watu wanachohitaji. Andika "mfanyabiashara mmoja wa mahindi, mwenye malori matatu mekundu, aliyefiwa na mke mwaka ule wa ukame", na sokoni pale watamtaja kabla hujamaliza sentensi. Mimi hufanya hivi: naondoa kila kitu ambacho funzo halikihitaji. Malori yanahitajika? Hapana, kinachohitajika ni kwamba mali yake yote ilikuwa ya kuhamishika. Mke? Hapana. Ukame? Ndiyo, basi ukame unabaki na mwaka unatoka. Kisha naunganisha wateja wawili au watatu walioanguka kwa namna moja, nawafanya mtu mmoja, na namwambia msomaji waziwazi kwamba mtu huyu nimemkusanya kutoka kwa kadhaa. Mwisho nampa rasimu mwenzangu wa zamani wa tawini na kumuuliza swali moja tu: "Ni nani huyu?" Akijibu ndani ya dakika moja, narudi mezani.

Kuna hazina ambayo wastaafu wanaisahau, nayo ni yale yaliyokwisha kuwa hadharani. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni na baadaye husomwa na yeyote. Kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge zipo, nasi tunaishi mji uleule wenye Bunge. Hukumu za mahakama zinapatikana kwenye tovuti ya TanzLII bila malipo. Nilipotaka kueleza ugomvi wa rehani, sikuhitaji kumgusa mteja wangu hata mmoja. Hukumu zilikuwa zimesema yote, pamoja na mambo ambayo mimi nisingethubutu kuyasema.

Sema kwanza, andika baadaye

Rasimu ya kwanza usiiandike. Isimulie. Chukua simu, washa kinasa sauti, mweke mbele yako mtu anayeweza kukuuliza "kwa nini?", kisha mweleze swali moja kutoka kwenye daftari. Mimi nilimtumia mtoto wa dada yangu anayesoma UDOM, ambaye hajui lolote kuhusu benki na haoni aibu kusema hajaelewa. Dakika 15 zinatosha. Halafu sikiliza na uandike ulivyosema, pamoja na pale alipokukatiza. Maswali yake yatakuonyesha mpangilio wa makala, kwa sababu yanakuja kwa mfuatano ambao akili ya mgeni inauhitaji.

Nitaonyesha kwa mfano niliouandika kwanza, wa mkopo wa alizeti.

Nilimwambia huyo mtoto wa dada: tulikuwa tunawakopesha wakulima Novemba, na wengi walikuwa wanashindwa kulipa kufikia Machi. Akauliza: Machi wanakuwa wamevuna? Nikasema hapana, hapa kwetu mvua ni msimu mmoja, alizeti inapandwa Desemba hadi Januari na kuvunwa Mei au Juni. Akauliza: sasa walikuwa wanalipa na nini?

Nikanyamaza. Swali hilo mimi nililiuliza mwaka wangu wa kumi na moja kazini.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mkulima anachukua shilingi milioni 6 Novemba. Ratiba inagawa deni kwa miezi 12 sawasawa, kuanzia Desemba: laki 5 kwa mwezi, bila riba. Kufikia mwisho wa Mei anatakiwa awe amerudisha milioni 3, nusu ya mtaji, na gunia la kwanza bado halijauzwa. Hela hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye mkopo wenyewe, kwa hiyo shamba lililopangiwa milioni 6 linalimwa kwa tatu na palizi ya pili inarukwa. Au inatoka kwa mbuzi wanaouzwa kwa bei ya shida. Au inatoka kwa wale wa mikopo ya kausha damu, na hapo sasa ana madeni mawili. Juni ikifika anauza alizeti siku ileile anayoivuna, bei ikiwa chini kuliko wakati wowote, kwa sababu afisa mikopo kasimama ukingoni mwa shamba. Afisa huyo nilikuwa mimi.

Hayo yote yalitoka kinywani kwa dakika nane. Ningekaa kuandika moja kwa moja, ningeanza na "Umuhimu wa sekta ya kilimo katika uchumi wa taifa".

Vua lugha ya ofisini

Kazi ngumu kuliko zote ni hii. Miaka 31 nimeandika ripoti za mikopo kwa Kiingereza na barua kwa Kiswahili cha mhuri. Huyu ndiye mimi, rasimu ya pili, baada ya kudhani naisafisha ile ya mdomo:

"Imebainika kuwa utaratibu wa urejeshaji wa mikopo ya kilimo hauendani na mtiririko wa mapato ya wakopaji, hali inayopelekea ongezeko la mikopo chechefu."

Imebainika na nani? Nani aliuweka huo utaratibu? Sentensi nzima haina mtu hata mmoja, na ndiyo sababu tuliipenda ofisini: hakuna wa kulaumiwa. Niliisoma kwa sauti, nikaona haya, nikaandika:

"Mkulima wa alizeti anapata hela mara moja kwa mwaka. Sisi tulimdai mara kumi na mbili."

Fanya hivi kwa kila aya. Tafuta vitenzi visivyo na mwenyewe: imebainika, ilionekana, ilielekezwa, ilishauriwa. Kila kimoja kirudishie mtu wake. Ikibidi mtu huyo awe wewe, ndivyo ilivyo. Kisha saka maneno ya semina. Neno "changamoto" nililifuta mara 23 katika rasimu moja, na kila mahali nililazimika kusema nilimaanisha nini hasa. Hapa ilikuwa ukame, pale wizi, mahali pawili ilikuwa uvivu wangu mwenyewe. "Kujengewa uwezo" likageuka "tulifundishwa siku tatu tukapewa begi". Lile "Husika na kichwa cha habari hapo juu" sina la kusema. Kama limeingia kwenye makala yako, pumzika wiki moja.

Halafu kuna istilahi. Anza na neno la mteja, lile la kitaalamu lifuate. Mteja wa Chang'ombe anasema "nina marejesho kesho", na hakuna asiyemwelewa. Benki Kuu inasema "mikopo chechefu", na magazeti yanasema hivyo, lakini niliwahi kulitamka mbele ya kikundi cha akina mama wakacheka wakidhani ni aina ya mboga. Kwa hiyo nikiandika nasema mkopo uliolala bila kulipwa, ambao benki huuita chechefu, na baada ya hapo natumia lolote kati ya hayo mawili. Unapokosa neno kabisa, kamusi za BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, zisaidie; wapo tangu 1967 na wametunga maneno mengi ambayo sisi wa maofisini hatukujishughulisha kuyajua. Usipolipata hata huko, eleza jambo kwa maneno matano ya kawaida.

Wengine wataniambia: mimi si mwandishi, mimi ni karani tu. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, akianzia forodha. Simlinganishi na mimi wala na wewe. Nasema tu kwamba kiti cha ukarani hakijawahi kumzuia mtu.

Andika ulipokosea

Kila mfululizo wa makala uwe na angalau moja ya kosa lako mwenyewe, na iwe mapema. Ukiandika ushindi mtupu, msomaji wa pale kazini atakujua mara moja. Nimemtaja yule afisa aliyesimama ukingoni mwa shamba. Kwa miaka kumi niliandika kwenye mafaili "mteja msumbufu" kuhusu watu ambao ratiba yangu ndiyo iliyowasumbua. Hiyo ndiyo makala iliyoniletea wasomaji wengi kuliko zote, na ndiyo niliyoogopa zaidi kuituma.

Hapo Kongwa tunao ushahidi wa karibu. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 na kufikia 1951 ulikuwa umeachwa. Unajulikana dunia nzima hadi leo, kwa sababu watu walikaa wakaandika jinsi mvua, udongo mgumu na mitambo isiyofaa vilivyowashinda. Mashamba mangapi mengine yamekufa hapa kati bila hata ukurasa mmoja?

Lakini kosa liwe lako. Usijifiche kwenye "tulikosea" huku ukimnyooshea kidole bosi wako wa zamani kwa mafumbo. Kama una kinyongo, na wengi wetu tunacho, kiandike kwenye daftari jingine na ulifungie.

Hakiki kama mtu asiyekuamini

Ujuzi wa miaka 30 una sehemu iliyooza, na mwenyewe husikii harufu. Mstaafu wa ardhi anayemwelekeza mtu CDA, iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kwa ajili ya kiwanja anamtuma kwenye ofisi iliyovunjwa 2017, na kazi zake zikahamia halmashauri, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Anayeeleza mafao akitaja PSPF au LAPF anazungumzia mifuko ya pensheni iliyounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Mwaka huohuo pia ikatungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, iliyowaweka kwenye madaraja na leseni wakopeshaji wadogo ambao enzi zetu walijifanyia walivyotaka. Nusu ya rasimu zangu kuhusu vikoba zilikufa siku niliyoisoma sheria hiyo.

Pigia mstari kila tarehe, kiasi, jina la taasisi na kifungu cha sheria. Kila kimoja kithibitishe leo. Kisichothibitika, kitoe; aghalabu makala haitakihitaji.

Baada ya hapo mpe mtu aisome kwa sauti mbele yako nawe ukae kimya. Anapojikwaa, weka alama. Usimweleze ulichomaanisha.

Peleka sokoni

Magazeti ya Kiswahili kama Mwananchi, HabariLeo na Nipashe yana kurasa za makala na maoni. Nunua gazeti unalolilenga wiki mbili mfululizo, hesabu maneno ya makala za aina yako, uone zinaanzaje. Maneno 700 hadi 900 ni urefu wa kuanzia. Mwandikie mhariri barua pepe fupi: makala inahusu nini, kwa nini sasa, wewe ni nani kwa mstari mmoja. Mstari mmoja kweli. Makala ibandike ndani ya barua yenyewe na pia uiambatishe. Usiitume kwa wahariri watatu kwa pamoja. Ukitokea kwenye magazeti mawili siku moja hawatakusahau, na si kwa wema. Kimya cha wiki mbili ni jibu. Salimia tena mara moja, kisha ipeleke kwingine. Na usitegemee malipo.

Majarida na vikundi vya taaluma yako ni mlango mwingine, pengine mzuri zaidi kwa makala yenye hesabu nyingi. Chuo nacho kinaweza kukuita uzungumze. Andika kwanza, kisha soma ulichoandika, ili kisibaki hewani.

Mtandaoni, kuwa mwangalifu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizotungwa upya 2020 na kufanyiwa marekebisho baadaye, zinadai leseni kwa aina fulani za uchapishaji. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. Ingia, uliza kama unachotaka kufanya kinahitaji leseni, toka na jibu.

Ukishakuwa na makala nane au kumi zinazoshikana, fikiria kijitabu. Cha kushonwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, kwa hiyo panga 32, 36 au 40 kabla ya kwenda kwa mchapaji, la sivyo utalipia kurasa tupu. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na nakala za kuwekwa maktaba usizisahau. Hakimiliki yako inaanza pale unapoandika. Kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku mtu akikuibia.

Na kiinua mgongo usikiguse. Namjua mstaafu aliyechapa nakala elfu moja kwa mafao yake. Godoro lake sasa limeinuliwa na maboksi. Chapa hamsini. Zikiisha, chapa hamsini nyingine.

Saa moja kwa siku

Saa kumi na moja alfajiri hadi kumi na mbili, kabla wajukuu hawajaamka na kabla ya upepo wa Dodoma kuanza kupiga madirisha. Siku tano kwa wiki. Kwa mwendo huo natoa makala moja kwa wiki tatu: wiki ya kusimulia na kuandika, wiki ya kuvua lugha, wiki ya kuhakiki. Kuna wiki za misiba na harusi ambazo hakiendi kitu, nami nimeacha kuzihesabu.

Wakikujibu

Makala ya alizeti ilipotoka, mzee mmoja wa Hombolo alinitafuta kupitia kwa mtu wa tawini. "Mama," akasema baada ya salamu ndefu, "umeandika kana kwamba Dodoma nzima tunavuna mara moja. Sisi wa zabibu tunavuna mara mbili." Alikuwa na haki. Zabibu hapa huvunwa karibu na Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba, na ratiba niliyoipendekeza kwa kujiamini, ya rejesho moja kubwa baada ya mavuno, ingembana yeye kama ile ya kila mwezi ilivyowabana wa alizeti. Nilimwandikia mhariri masahihisho ya mistari minne. Kijitabu kilipochapwa mara ya pili nikaongeza ukurasa.

Mzee hakukata simu hapo. Akauliza: akipeleka zabibu kiwandani mwezi wa tatu na hela ikaingia mwezi wa sita, rejesho lihesabiwe kuanzia siku ya kuvuna au siku ya kulipwa? Na hiyo miezi mitatu riba aibebe nani? Nimeliandika daftarini kama swali la 41. Kushoto nimejaza kwa dakika mbili. Kulia bado peupe, na Alhamisi napanda gari kwenda Hombolo.